Bomba Lisiloziba

Fundi aliposikia neno "wazi" hakusikia lingine tena. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ila siku ile nani angejua? Siku ile ilikuwa ya furaha.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha daktari, ndani ya chumba kidogo chenye baridi ya mashine, ananuka jasho la jana maana tangu wamkimbize mkewe hospitali hakuwa amebadilisha hata shati. Mbele yao kulikuwa na kioo kama cha televisheni, na kwenye kioo mishipa ya moyo wa mkewe inacheza, myeusi, inajikunja na kujikunjua kama mizizi iliyotiwa uhai. Walikuwa wamempitishia mrija mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni, wakamwaga dawa ya rangi, wakapiga picha. Daktari mwenye mvi akagonga kioo kwa kalamu.

"Unaona? Hapa wazi. Hapa wazi. Na huku wazi kabisa. Mishipa mikubwa yote haina tatizo. Mkeo ana bahati."

Sasa mtu mwenyewe ni fundi bomba. Nusu ya vyoo na masinki ya mji ule vimepita mikononi mwake. Hata jina lake watu walishalisahau, ni Fundi tu, na mkewe naye anamwita Fundi, akiwa na furaha Fundi, akiwa amekasirika Fundi. Mtu wa namna hiyo unamwonyesha picha ya mabomba, bwana, unategemea nini? Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akafuata mshipa kwa kidole kutoka juu kwenda chini, na kila penye kona anapunguza mwendo, maana uchafu hupenda kukaa kwenye kona. Hakuona kitu. Rangi inapita mpaka mwisho, haisitisiti, hairudi nyuma.

"Daktari," akasema, "mbona laini hii safi kuliko zangu zote?"

Daktari mwenye mvi akacheka, akampiga bega, akatoka. Kulikuwa na mgonjwa mwingine anamsubiri mezani.

Akabaki daktari wa kike, kijana, mwenye miwani mikubwa na uso wa mtu ambaye hajalala. "Baba, subiri kidogo. Ni kweli mishipa mikubwa iko wazi. Lakini damu yake inatuonyesha misuli ya moyo imeumia. Kuna kitu kiliinyima damu, hata kama sasa hivi hatukioni. Kwa wanawake tunaliona sana hili. Kwa hiyo dawa asiache hata siku moja, na arudi kwa kile kipimo kikubwa, cha mashine ya sumaku, tuangalie msuli wenyewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana sana, mwanangu," alisema Fundi, na tayari simu iko sikioni. "Haloo! Shemeji! Wazi! Nakwambia wazi tupu! Nimeona kwa macho yangu haya!"

Mkewe alikuwa amelala kitanda cha mwisho dirishani, mkono umefungwa bandeji, nywele zimelala upande mmoja. Kiwandani kwao wanakoshona sare za shule wanamwita Mama Kola. Yeye ni mpiga pasi, na hakuna mtu pale anayeweza kuilaza kola ya shati kama yeye. Mashati ya wengine kola zinasimama kama masikio ya mbuzi. Alimtazama mumewe anakuja anakimbia kati ya vitanda kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Wamesemaje?"

"Huna kitu!"

"Sina kitu?"

"Huna. Safi. Nimeikagua mwenyewe, laini yote, kona kwa kona."

Ungetegemea afurahi. Mama Kola akageuza uso, akaangalia dari. Akauliza polepole, kama anajiuliza mwenyewe, "Sasa kilichonikaba kilikuwa nini?"

Fundi akakaa pembeni ya kitanda, akamshika mguu juu ya shuka. Gesi labda, alisema. Au uchovu. Wanawake mnajichosha sana. Mama Kola alikuwa anakumbuka. Jana yake, akiwa na pasi ya mvuke mkononi, maumivu yalimwanzia kwenye taya, akadhani ni jino. Yakashuka mgongoni, katikati ya mabega, yakakaa hapo kama mtu amemwekea goti. Jasho likamtoka la baridi, na pale kwenye pasi hakunaga baridi. Alitapika kwenye ndoo ya vitambaa. Halafu anaambiwa hana kitu. Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya mwili ule, si kioo.

Basi wakarudi nyumbani. Wakaja majirani, wakaja ndugu, wakakaa mpaka viti vikaisha, na Fundi yuko katikati na kipande cha mpira wa maji mkononi anawafundisha moyo. "Huu ndio mshipa. Ukiziba hapa, huku hakuna kitu, mtu anaondoka. Wa mke wangu?" Akapuliza ule mpira, upepo ukatoka upande wa pili ukamvuruga jirani kinyozi ndevu. "Umeusikia huo? Ndiyo hivyo!"

Watu wakacheka. Mama Kola alikuwa kwenye kochi, mto mgongoni, anatabasamu kwa adabu tu.

Kinyozi akafuta ndevu zake, akaangalia mfuko wa dawa juu ya meza. "Sasa, Fundi, kama kila kitu wazi, vidonge vyote hivi vya nini?"

Hakuwa na ubaya, kinyozi. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza mvua itanyesha au haitanyesha. Lakini Fundi alikwama. Aliuchukua ule mfuko, akatoa pakiti moja, akaigeuza, akatoa nyingine. Yule daktari wa miwani alisema kitu, sijui misuli, sijui nini. Na mbele ya watu fundi hasemi sijui.

"Hizi," alisema, "ni za kuzibua."

"Azibue nini?"

 Halafu Fundi akapata jibu, na jibu lenyewe akalitoa kwenye kazi yake. Kuna sheria moja anawahubiria wateja wake wote: usimwage asidi kwenye bomba lisiloziba. Asidi ikishuka inatafuta cha kula. Ikikosa uchafu, inakula bomba. Ameona nyumba za watu zimebomolewa sakafu kwa sababu ya mama mmoja mwenye wasiwasi na chupa ya asidi kila wiki, eti anazuia isizibe.

Usiku ule jibu hilo alikaa nalo mwenyewe. Asubuhi, mkewe alipokuwa anamimina maji ya kunywea vidonge, akamshika mkono.

"Mke wangu, hivi viache."

"Daktari kasema nisiache."

"Daktari yupi? Yule mkubwa kasema safi. Yule mdogo ndiye kaongeza maneno, kitabu bado kinamwasha kichwani. Nisikilize mimi. Dawa ya kuzibua inakwenda kwenye mshipa ambao haujaziba, unajua inafanya nini? Inakula mshipa. Nimeshuhudia mimi."

"Umeshuhudia kwenye mishipa?"

"Kwenye mabomba. Si ni kile kile?"

Mama Kola aliangalia vidonge kiganjani. Huyu mtu ameishi naye tangu wote wembamba. Watoto wawili wamekua, mmoja kaolewa, mwingine yuko mbali jeshini, na siku zote hizo Fundi akisema ukuta huu una maji ndani, ukibomolewa maji yapo. Hajawahi kumdanganya kwa jambo la kazi yake. Na alikuwa anamhurumia, hilo nalo aliliona. Macho yamemwiva, mikono ile migumu imemshika kama anashika yai. Alivirudisha vidonge kwenye pakiti. Fundi akachukua mfuko, akauweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa ambayo hutumika siku za wageni wengi. Ile siku ya kurudi kwa kipimo kikubwa ikaja, ikapita, hakuna aliyeitaja.

Siku Mama Kola aliyorudi kazini, Fundi alimsindikiza mpaka ndani. Akasimama kati ya mashine za kushonea zinazopiga kelele, akamwambia msimamizi kwa sauti ya kushinda mashine, "Mama huyu ni mzima! Wamempima mpaka ndani ya moyo, hawakukuta kitu! Msimwonee huruma!"

Aliona anamjengea mkewe heshima. Kumbe amemnyang'anya hata haki ya kukaa chini. Kuanzia siku ile Mama Kola akishika ukingo wa meza ya pasi, msimamizi anapita na kikombe chake cha chai: "Mama Kola, siku hizi pasi unaipiga au unaibembeleza ilale?" Wanacheka. Akiomba kiti, mmoja anasema, "Si mumeo kasema mzima?" Hawakuwa watu wabaya. Ila mtu aliyepimwa akakutwa hana kitu, halafu bado anaumwa, watu wanamwonaje? Anadeka. Ngazi za kiwandani alizokuwa anapanda huku anaimba, sasa anapanda nusu, anasimama, anajifanya anatafuta kitu kwenye pochi.

Na maumivu hayakuondoka. Yalikuja alfajiri zaidi, wakati baridi inaingia kwa chini ya mlango. Fundi anageuka kitandani anamkuta mkewe amekaa, mgongo kautegemeza ukutani, kiganja kipo kwenye taya.

"Imeanza?"

"Imepita."

"Basi kama imepita, lala."

"Ndiyo mtindo wake, Fundi. Inakuja, inanikamata, inaniachia."

"Kitu kilichoziba hakijizibui chenyewe, mke wangu. Ningekuwa sina kazi."

"Sijasema kimeziba," alisema Mama Kola. "Nimesema kinanikamata."

Fundi akavuta pumzi, akajifunika. Kuna hasira moja ndogo inamjia mtu anapoogopa, na yeye hakujua kuwa ni woga, alidhani ni hasira tu. "Wewe sasa unautafuta huu ugonjwa," alisema akiwa ndani ya shuka. "Wamefungua, wameangalia, hawakuuona. Unataka wauone ndipo uridhike?"

 Tangu alfajiri ile Mama Kola akawa akikamatwa anatoka nje, anakwenda kukaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, asimwamshe mtu.

Mdogo wake ndiye alikuwa hatulii. Huyu ni msusi, ana kibanda chake cha kusukia nywele, na mdomo wake unasuka kuliko vidole. Alikuja Jumapili moja akamkuta dada yake anafua huku kakaa, anafua shati, anapumzika, anafua soksi, anapumzika. Akamfuata Fundi barazani.

"Shemeji, dada yangu amekuwa rangi ya majivu. Umemwangalia midomo?"

"Amechoka. Pale kiwandani wanamtumia."

"Hospitali si walisema arudi?"

"Shemeji, we suka nywele, mabomba niachie mimi."

"Dada yangu si choo, shemeji!"

Fundi akacheka. Ilikuwa kauli ya kuchekesha kweli, hata aliwasimulia wenzake kazini kesho yake, wakacheka wote. Msusi hakucheka. Alimuuliza dada yake, "Dawa unakunywa?" na Mama Kola akasema ndiyo. Kwa nini alisema ndiyo? Labda alichoka na maneno. Labda hakutaka mumewe aonekane mjinga mbele ya mdogo wake. Mwenyewe hakuja kueleza.

Ikafika siku yenyewe. Fundi alikuwa kwenye jengo moja la ghorofa, ghorofa ya juu kabisa, kwa mwalimu mmoja mstaafu mwenye msimamo. Mwalimu alishamwita mara kadhaa: asubuhi maji hayatoki. Fundi akija mchana akifungua koki, maji yanamwagika mpaka yanaruka. Siku ile pia akafungua, yakaruka.

"Mama, maji haya hapa."

"Sasa hivi ndiyo. Asubuhi hayakuwepo."

"Mama yangu, mimi natengeneza kilichoharibika. Hadithi sitengenezi."

Mwalimu alimtazama, mikono kiunoni. "Kwa hiyo mimi mwongo? Nimeamka, nimefungua koki yangu, nimeona kwa macho yangu hakuna maji, halafu wewe ambaye hukuwepo ndiye unajua?"

Fundi akarudi chini ya sinki. Simu ikawa inatetemeka mfukoni, lakini ana mkono mmoja chini ya sinki na spana imeshika nati. Ikakatika. Ikatetemeka tena, ikakatika. Alipotoka chini ya sinki, akajifuta, akaitazama: shemeji, shemeji, shemeji, kiwandani, shemeji.

Alipopiga, msusi hakuwa na utani hata kidogo. "Ameanguka. Njoo kule kule hospitali."

Huko kiwandani, alivyokuja kuambiwa baadaye, Mama Kola alikuwa katikati ya shati. Akasema, "Nishikieni hii," akamnyooshea pasi mwenzake wa meza ya jirani. Mwenzake akadhani utani, akasema shika mwenyewe, mimi si mumeo. Mama Kola akaiweka pasi juu ya shati, akakaa chini sakafuni taratibu kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka, akalala. Wa kwanza kupiga kelele alipigia harufu ya kitambaa kinachoungua. Msimamizi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari, analia njia nzima.

Hakufa. Tuliseme hilo mapema. Lakini Fundi alipofika, msusi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi kama askari.

"Shemeji, tulia hapo kwanza. Yuko na daktari."

"Nataka kumwona."

"Nimesema tulia."

Akatulia. Suruali imelowa magotini, spana bado iko kwenye mfuko wa nyuma. Siku zile zilizofuata alikuwa wa kusimama kwenye korido tu, anawapisha watu wenye vitanda vya magurudumu. Mpaka walipompeleka Mama Kola kwenye ile mashine ya sumaku, aliyotakiwa kupelekwa tangu mwanzo, ndipo yule daktari wa miwani akawaita wote watatu. Mama Kola akiwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, midomo mikavu.

Akawawekea picha. Fundi akasogea kwa mazoea, kidole tayari. Kidole kikabaki hewani. Safari hii hakukuwa na mabomba. Kilikuwa kitu kinene, cha kijivu, kinajifumba na kujifumbua kama ngumi. Kinajifumba, kinajifumbua. Ila upande mmoja, chini, hapakuwa na mwendo. Kwingine kote kunavuta, pale pamelala tu, panaburuzwa na wenzake.

"Pale mbona hapachezi?" aliuliza.

"Ni kovu, baba. Msuli ulikosa damu, ukafa."

"Patarudi lini?"

"Hapatarudi. Tunalinda palipobaki."

Msusi akaweka mkono mdomoni. Mama Kola alikuwa anaangalia ile picha kwa makini, bila machozi. Ukimtazama vizuri ungeona kitu kinachofanana na kuridhika, na hilo ndilo lilimwumiza Fundi kuliko lile kovu. Hatimaye kuna mtu ameuona ugonjwa wake.

"Lakini mlisema wazi," alisema Fundi. "Mwenyewe nilikagua."

"Mikubwa, ndiyo. Kuna midogo, mingi, haionekani kwenye picha ile. Na mshipa unaweza kubana wenyewe tu. Unajikaza, unakata damu, halafu unaachia. Ukija kuangalia, umeshafunguka."

"Bomba halifanyi hivyo."

"Si bomba, baba," alisema daktari. "Ni nyama."

Akavua miwani, akafuta, akavaa. Halafu akamgeukia mgonjwa. "Zile dawa ndizo zilikuwa zinaizuia isijikaze. Ulikuwa unazinywa?"

 Fundi aliangalia vigae vya sakafuni. Kimoja kilikuwa kimepasuka pembeni.

"Niliacha," alisema Mama Kola.

"Nani alikwambia uache?"

"Niliacha mwenyewe."

Daktari hakupiga kelele, ila alisema. Alisema kwamba hospitali imejaa akina mama wanaoambiwa hawana kitu mpaka wanaletwa wamebebwa, na yeye anapata mmoja wa kumwahi, anampa dawa mkononi, anaziacha. Msusi naye akadakia, machozi na hasira kwa pamoja: "Dada! Ulinambia unakunywa! Wewe mtoto mdogo? Unataka kuniacha na nani mimi?" Mama Kola aliinamisha kichwa akapokea yote. Shingo yake imekonda, mfupa wa nyuma umetokeza. Na Fundi alisimama pale anasikia mkewe anagombezwa, na kwa muda, muda mrefu tu, aliliacha liendelee.

"Ni mimi," alisema mwishowe.

Hawakumsikia. Msusi bado alikuwa anaongea.

"Ni mimi niliyemwachisha. Nilisema zitakula mishipa. Ziko juu ya kabati, nyuma ya sufuria."

Msusi akakatiza maneno yake. Daktari akamgeukia Fundi.

"Fundi, nyamaza," alisema Mama Kola.

"Hapana, mke wangu, lazima wajue..."

"Watajua, halafu nini? Nyamaza. Sina pumzi ya kukusikiliza ukijutia." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba dirisha lifungwe. "Nilikuamini wewe kuliko wao. Nikakuamini kuliko hata mwili wangu. Basi. Usinifanye nianze kulisimulia."

Walimruhusu akarudi nyumbani na mfuko mpya wa dawa, pamoja na kichupa cha vidonge vidogo vya wakati wa maumivu. Kazini ndio ikawa basi; pasi ya mvuke ni nzito na ngazi zile hazimtaki tena. Msimamizi alileta maua ya plastiki na kola moja aliyoipiga mwenyewe, mbaya sana, akasema, "Ona tunavyoteseka," na Mama Kola akacheka mpaka akashika kifua, wote wakaacha kucheka.

Fundi akawa mtu mwingine. Maji anachota yeye, sakafu anapiga yeye, dawa anazipanga yeye dirishani, na akimpelekea anasimama mpaka aone zimemezwa. Jirani kinyozi akampitia mlangoni kutania, "Fundi siku hizi umekuwa nesi?" Fundi akamtazama mpaka kinyozi akakumbuka ana mteja. Kila asubuhi anauliza, "Umeamkaje?" Mama Kola anajibu, "Salama." Mgongo? Salama. Taya? Salama, Fundi, nimesema. Anajibu kwa upole kabisa, kama anavyojibiwa mgeni. Na mkono wake haugusi taya tena, angalau yeye akiwepo. Fundi alianza kumchunguza kwa pembeni, vidole, midomo, namna anavyokaa. Hakuona kitu. Na sasa kutoona kitu kulimtisha, maana alishajua jicho lake thamani yake ni nini.

Alfajiri moja aliamka akakuta kitanda upande wa pili kimepoa. Akatoka bila viatu. Mlango wa uani ulikuwa umerudishiwa tu, na nyuma yake akasikia sauti ya mkewe, ya chini, inaongea na mdogo wake kwenye simu.

"...hapana, usije. Imeanzia shingoni tena, imepanda mpaka kwenye taya, sasa inashuka. Ndiyo. Kama juzi. Hapana, hajui. Nimwambie ili iweje? Atanikagua."

Fundi alisimama na mkono kwenye komeo. Angeweza kurudi kitandani akajifanya amelala. Mguu mmoja ulishageuka. Halafu akasukuma mlango.

Mama Kola alikuwa kwenye ile ndoo yake, amejifunga kanga mabegani. Akashusha simu.

"Umeamka?"

"Nimesikia," alisema Fundi.

"Umesikia nini?"

Alitaka kueleza, maneno yalikuwepo tele. Akayaacha. "Shingo. Mpaka kwenye taya. Na juzi pia."

Mama Kola alimtazama. Kulikuwa kunaanza kupambazuka, na uso wake ulikuwa na rangi ile ile mdogo wake aliyoisema, ya majivu. Alimtazama kama anapima uzito wa kitu kabla ya kukinyanyua. Fundi hakusema labda. Hakusema gesi. Hakuuliza kama imeshapita.

"Inauma sasa hivi," alisema Mama Kola mwishowe. "Kile kidonge kidogo. Kiko chini ya mto wangu."

Akakimbia. Alijigonga kwenye mlango, akafunua mto, akapata kichupa, na kwa kuwa mikono ilishazoea akapitia pia kwenye mtungi, akajaza kikombe mpaka pomoni, akarudi anamwagikiwa miguuni. Akachuchumaa mbele ya ndoo. Mama Kola akachukua kidonge kwa vidole viwili, akakiweka chini ya ulimi, akafumba mdomo. Kikombe akakisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono.

"Hiki hakitaki maji," alisema, ulimi umebana.

"Basi nikae?"

 Mama Kola alikuwa amefumba macho, anasikiliza ndani. Fundi akakaa chini kwenye saruji yenye umande, kikombe kimejaa mkononi, akasubiri aambiwe.